Uwianishaji wa Impedansi: Kwa Nini Wati za Mtambo wa Redio Hazifiki Zote Hewani

Na Mwandishi Wetu

Leseni ya kituo cha redio huambatana na masafa pamoja na kiwango cha nguvu ambacho kituo kinaruhusiwa kurusha. Mwananchi anayesikia kwamba redio ya wilaya yake imefungiwa mtambo wa wati 1,000 huamini, kwa haki kabisa, kuwa wati hizo zote zinapanda mnarani na kuenea vijijini. Hali haiwi hivyo daima. Baina ya transista zinazozalisha nguvu hiyo na antena inayoirusha kuna kazi ya kihandisi iitwayo uwianishaji wa impedansi. Ikikosewa, sehemu ya nguvu hurudi ilikotoka, na mara nyingine kituo hunyamaza kabisa.

Impedansi ni jumla ya upinzani ambao saketi huupa mkondo geu wa umeme. Neno hilo lilianzishwa mwaka 1886 na Oliver Heaviside wa Uingereza. Hupimwa kwa omu kama ukinzani wa kawaida, lakini ndani yake mna pia athari za koili na kapasita, nazo hubadilika kila masafa yanapobadilika. Waya wa sentimita mbili, ambao kwa umeme wa taa hauhesabiwi kuwa kitu, kwenye megahezi 100 huweza kuleta upinzani wa omu kumi hivi. Kwa sababu hiyo fundi hodari wa umeme wa majumbani hawezi kukabidhiwa mtambo wa redio kwa kudhani kuwa umeme ni umeme.

Mitambo, kebo na antena za utangazaji hutengenezwa kwa kipimo cha pamoja cha omu 50. Kipimo hicho ni maafikiano: kebo ya mviringo yenye hewa ndani hupoteza nguvu kidogo zaidi ikiwa na omu zipatazo 77, lakini hubeba nguvu kubwa zaidi ikiwa na omu 30. Wahandisi walichagua kati ya hizo mbili. Kebo za antena za televisheni, ambazo hupokea tu, zilibaki kwenye omu 75.

Ugumu unaanzia kwenye transista yenyewe, kwa kuwa haizijui omu 50. Tuchukue transista inayotumia volti 50 na kutakiwa kutoa wati 250. Volti 50 zikizidishwa kwa zenyewe ni 2,500. Zikigawanywa kwa mara mbili ya nguvu inayotakiwa, yaani 500, jibu ni omu 5. Huo ndio mzigo unaoifaa. Ikiunganishwa moja kwa moja na kebo ya omu 50, transista hiyo itaishiwa volti ikiwa imetoa takriban wati 25 tu, sehemu ya kumi ya uwezo wake.

Hapa inafaa kusahihisha dhana iliyoenea. Masomo ya awali ya umeme hufundisha kwamba nguvu nyingi zaidi hupita pale upinzani wa chanzo unapolingana na wa mzigo. Kanuni hiyo ni sahihi, ila mbunifu wa kikuza nguvu akiifuata bila kufikiri atapotea. Transista ina ukomo wa volti na ukomo wa mkondo. Mzigo bora ni ule unaoiwezesha kuvitumia vyote viwili kikamilifu kwa wakati mmoja. Mwaka 1983 mhandisi Steve Cripps alichapisha njia ya kukokotoa mzigo huo kwa vikuza nguvu vya mawimbi mafupi sana, na fikra yake ingali msingi wa kazi hii.

Kuzigeuza omu 50 zionekane kuwa omu 5 hufanywa na saketi ndogo ya koili na kapasita. Kwa mfano wetu, kwenye megahezi 100, koili moja ya nanohenri 24 iliyopangwa kwenye njia ya mawimbi, na kapasita moja ya pikofaradi 95 iliyofungwa upande wa kebo kuelekea ardhini, zinatosha kimahesabu. Kwa vitendo mbunifu hulazimika pia kuhesabu uwezo wa kuhifadhi chaji uliomo ndani ya transista, na mara nyingi hugawa kazi hiyo kwa hatua mbili au tatu ili saketi ifae masafa mengi. Chati aliyoichapisha Phillip Smith wa Marekani mwaka 1939 ingali inatumika kuonyesha hatua hizo kwa macho, hata ndani ya programu za kompyuta.

Mpangilio huo wa koili na kapasita husaidia pia kupunguza mawimbi ya ziada. Kikuza nguvu kinachorusha megahezi 100 huzalisha pia 200 na 300. Yasipochujwa vya kutosha, mawimbi hayo huvamia masafa ya watumiaji wengine. Aidha, kikuza nguvu kilichounganishwa na mzigo usiofaa huweza kuanza kutetema chenyewe na kutoa mawimbi yasiyotarajiwa, na juu tu ya megahezi 108, unapokoma ukanda wa FM, yapo masafa ya kuongozea ndege. Kwa msingi huo vifaa vya utangazaji huhitaji kuthibitishwa ubora kabla ya kutumika, na hapa Tanzania Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 imeweka utaratibu huo.

Mtambo uliobuniwa vyema kiwandani bado unaweza kuharibiwa na hali ya mnarani. Maji huingia kwenye viungio, chumvi ya bahari hula shaba, radi hupasua antena. Wakati mwingine kituo hubadilishiwa masafa na antena ikaachwa ileile: nusu ya wimbi la megahezi 90 ni mita 1.67, ya megahezi 105 ni mita 1.43, na tofauti hiyo si ndogo. Kipimo cha kosa ni uwiano wa mawimbi yaliyosimama. Mtambo wa wati 1,000 wenye uwiano wa 1.5 kwa 1 hurudishiwa wati 40. Ukifika 2 kwa 1, hurudi wati 111; kwenye 3 kwa 1, hurudi 250. Kinachoiumiza transista ni kwamba mzigo inaouona umebadilika: kutegemea urefu wa kebo, volti hupanda kupita kiasi au mkondo huzidi na joto kuongezeka.

Mitambo ya kisasa hujilinda kwa kupunguza nguvu yenyewe. Kinga hiyo ni nzuri, ila ina gharama isiyotangazwa. Kituo huendelea kusikika mjini, huku wakazi wa pembezoni, ambao pengine redio ndiyo njia yao pekee ya kupata tahadhari ya mafuriko au ratiba ya chanjo, wakibaki na mikwaruzo. Wengi wao hudhani betri imekwisha.

Nacho kipimo kilichopo chumba cha mitambo huweza kudanganya. Tuseme kebo chakavu inapoteza nusu ya nguvu. Kati ya wati 1,000 zinafika 500 juu. Antena mbovu yenye uwiano wa 3 kwa 1 inakataa 125. Kebo inakula nusu yake tena, na kipimo kinaonyesha 62 tu zimerudi, sawa na uwiano wa takriban 1.7. Fundi anaridhika, ilhali hewani zimekwenda wati 375. Kwa hiyo upimaji kamili hufanywa mara mbili: kwanza mtambo ukiwa umeunganishwa na mzigo bandia wa omu 50 usiorusha chochote, kisha antena ikipimwa kule juu, kwenye kiungio chake, kabla ya kebo.