Rangi tatu za kisutu na funzo kwa wasanifu wa leo

Juzi kijana mmoja msanifu alinionyesha kadi ya harusi aliyoichora kwa kompyuta. Nilihesabu rangi tisa. "Ipi ndiyo ya bibi harusi?" nikamuuliza. Akacheka, asijibu.

Hebu, msomaji, turudi nyuma kidogo. Leso, au kanga, ilienea katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Jina leso lenyewe lina asili ya Kireno. Miongoni mwa leso hizo, kisutu, vazi la bibi harusi, kilitengenezwa kwa rangi tatu tu: nyekundu, nyeusi na nyeupe.

Uchache huo una sababu ya kiufundi. Katika kupiga chapa kitambaa, kila rangi huhitaji chapa yake, na kila chapa ni gharama. Lakini kumbe lugha nayo ina lake! Rangi hizo tatu ndizo pekee zenye mizizi ya kivumishi katika Kiswahili: -ekundu, -eusi, -eupe. Ndiyo maana twasema kitambaa chekundu, jiwe jeusi, ukuta mweupe.

Rangi nyingine tumeziazima kutoka kwa vitu. Kijani kimetoka kwa jani, kijivu kwa jivu, manjano kwa kiungo cha mchuzi, zambarau kwa tunda. Samawati ni ya mbingu, kwa Kiarabu. Basi husemi "kitambaa kimanjano". Ni kitambaa cha manjano.

Kiswahili hakiko peke yake. Mnamo 1969, Brent Berlin na Paul Kay walionyesha kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na nyeupe, nyeusi na nyekundu.

Sidai kwamba waliobuni kisutu walifuata sarufi. Ninachodai ni kuwa watumiaji wake waliisoma rangi jinsi walivyolisoma jina la leso, yaani yale maneno ya chini. Rangi ilikuwa na kazi, haikuwa pambo.

Leo kompyuta inatupa mamilioni ya rangi bure, nasi tunazimwaga zote. Wakati huohuo watoto wetu wanasema "pinki" na "grini", waridi na kijani vikisahaulika. Asiyejua jina la rangi atamwagizaje fundi?

Ewe msanifu, kabla ya kuchagua rangi ya nne, jiulize: hizi tatu zimeshasema nini?