Programu huria: Mahali pa kuhifadhi msimbo na namna ya kuwasilisha marekebisho

PROGRAMU huria ni programu ya kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na waundaji wake, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni. Kwa kuwa wachangiaji huishi mbalimbali, huhitaji mahali pamoja pa kuuhifadhi.

Mahali hapo si lazima padumu. SourceForge, iliyoanza mwaka 1999, ilikuwa kimbilio la wengi kabla ya kupitwa na GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008. Google Code, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilifungwa Januari 2016, na miradi iliyokuwamo ikalazimika kuhama. Mwaka 2018 Microsoft iliinunua GitHub kwa dola za Marekani bilioni 7.5.

Kinga kubwa ni Git, chombo kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, baada ya waundaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper. Kwa kawaida, kila mchangiaji wa Git hubaki na nakala ya msimbo pamoja na historia yake yote. Hata hivyo, mijadala na taarifa za hitilafu hubaki kwa mwenye seva. Kabla ya kuchagua, ni vyema kuhakikisha kuwa navyo vinaweza kuhamishwa.

Namna ya kuchangia

Katika GitHub, ambako pia umehifadhiwa msimbo wa Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008, mchangiaji hutengeneza nakala yake, hufanya marekebisho katika tawi la pekee, kisha huomba yaunganishwe. Kiini cha Linux hufuata njia nyingine: viraka hutumwa kwa barua pepe kwa wasimamizi wa sehemu husika, kila kimoja kikiwa na mstari wenye jina la mtumaji, unaothibitisha kuwa ana haki ya kukitoa.

Popote pale, mchangiaji hutakiwa kwanza kusoma mwongozo na leseni ya mradi. Kiraka kizuri hushughulikia jambo moja, huwa kimejaribiwa, na hueleza sababu ya mabadiliko. Msimamizi anaweza kukikataa. Lakini leseni huria humruhusu mchangiaji kuendelea na nakala yake mwenyewe.