Kusoma Jenomu kati ya Ruiru na Thika

Jenomu ya mkahawa wa arabika ina herufi zipatazo bilioni 1.2. Mashine za kusomea DNA zinazotumika zaidi duniani haziisomi kutoka mwanzo hadi mwisho kama kitabu. DNA hukatwakatwa kwanza, kisha mashine husoma vipande vya herufi 150 hivi, mamilioni kwa mkupuo mmoja. Ili kila herufi iaminike, husomwa mara 30 kwa wastani. Piga hesabu: jani moja la mkahawa litatoa vipande milioni 240, visivyo na mpangilio wowote, vingine vikiwa na makosa. Mashine humaliza sehemu yake kwa siku chache. Kuvichuja vipande hivyo, kuvipanga na kuamua vinasema nini ni kazi ya mtafiti, na kazi hiyo lazima afunzwe. Taaluma yake huitwa bioinfomatiki.

Ukanda wa Ruiru, Juja na Thika, nchini Kenya, una sababu zake za kuihitaji taaluma hii. Ruiru ndiko iliko Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, mahali ilikozaliwa aina ya Ruiru 11 katikati ya miaka ya 1980, na Batian mwaka 2010. Zote mbili zilikusudiwa kuhimili chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha tunda la kahawa likiwa bado bichi mtini, ambao wakulima wa Kiambu huuita CBD tu. Juja kuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, JKUAT, ambacho ni mwenyeji wa PAUSTI, taasisi ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika inayopokea wanafunzi wa uzamili kutoka pande zote za bara. Thika kuna kituo cha utafiti wa mboga na matunda cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Hapo ndipo ulipoendeshwa, katika miaka ya 1970, mradi wa mikunde ulioacha herufi GLP kwenye majina rasmi ya maharagwe tunayokula hadi leo: Rosecoco ni GLP 2, Mwitemania ni GLP x92.

Mwezi Septemba 2011 mahindi ya wakulima wa Bomet yalianza kunyauka kuanzia majani ya juu, na magunzi yakatoka bila punje. Ugonjwa huo, MLN, ulitokana na virusi viwili vilivyoshambulia mmea mmoja kwa pamoja. Sampuli za Kenya zilisafirishwa hadi Uingereza, jenomu za virusi hivyo zikasomwa na kuchambuliwa huko, na makala yakachapishwa mwaka 2013. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini mkulima huhesabu kwa misimu ya mvua, na kila msimu unaopita jibu likiwa safarini ni shamba jingine lililopotea.

Tangu hapo mashine zimesogea karibu. Mwaka 2018 watafiti wa virusi vya mihogo kutoka Tanzania, Uganda na Kenya, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walibeba hadi mashambani MinION, kifaa chenye uzito wa gramu 100 hivi, wakasoma DNA ya virusi papo hapo. Kifaa kinaingia mfukoni. Mtu wa kuyaelewa matokeo yake huchukua muda mrefu zaidi kupatikana.

Mafunzo huanzia kwenye faili. Kila kipande kilichosomwa huandikwa kwa mistari minne: jina lake, herufi zake za A, C, G na T, alama ya kujumlisha, na mstari wa alama za ubora zinazoonyesha mashine ina uhakika kiasi gani na kila herufi. Alama 20 ina maana ya uwezekano wa kosa moja katika herufi 100. Alama 30, kosa moja katika 1,000. Mwanafunzi hupima ubora huo kwa programu kama FastQC, hukata ncha mbovu na mabaki ya vipande vya DNA vilivyobandikwa maabara, kisha hukilinganisha kila kipande na jenomu rejea, yaani jenomu iliyokwisha kupangwa ya kiumbe wa aina hiyo, ili kijulikane kinakaa wapi. Mwisho hutafuta tofauti: mahali ambapo mmea wake una G na rejea ina A. Karibu kazi yote hufanyika kwa kuandika amri kwenye Linux, wala si kwa kubofya picha, na hapo ndipo wengi waliosomea baiolojia hukutana na ukuta wa kwanza. Kwa uzoefu wangu ukuta huo hubomoka ndani ya majuma mawili ikiwa mwalimu anaandika amri mbele ya darasa, anakosea, na anajirekebisha wote wakimwona.

Ukuta wa pili ni mgumu zaidi. Programu haikatai kamwe kutoa jibu.

Tuchukue kahawa. Arabika ilitokana na mimea ya spishi mbili iliyochanganyika zamani sana, kanefora, ambayo sokoni huitwa robusta, na eujenioidesi. Ilirithi jenomu zote mbili kamili, ndiyo maana ina kromosomu 44 pale wazazi wake walipokuwa na 22 kila mmoja. Jenomu hizo mbili zinafanana kama pacha. Jenomu ya kanefora ilichapishwa mwaka 2014, na kwa muda ndiyo iliyokuwa rejea ya karibu. Sasa mpe mwanafunzi data ya SL28, ile kahawa ya zamani iliyoteuliwa katika maabara za Scott miaka ya 1930, aipange juu ya rejea hiyo. Vipande vya pacha wote wawili vitarundikana mahali pamoja. Programu itatangaza kwamba mmea umechanganyika karibu kila mahali, nusu herufi hii, nusu ile. Lakini arabika hujichavusha yenyewe, na SL28 imezalishwa hivyo kwa vizazi. Ndani ya kila jenomu, nakala zake mbili za kila jeni zingepaswa kufanana karibu kote. Mtafiti anayeijua kahawa atasita mara moja. Asiyeijua atachora jedwali na kuandika makala.

Halafu mpe Ruiru 11. Hiyo ni chotara, huzalishwa kwa kuchavusha maua kwa mkono, kwa hiyo mchanganyiko mwingi ndani yake ni wa kweli. Tena sehemu ya uwezo wake wa kuhimili chulebuni imetoka kwa kanefora, kupitia mkahawa chotara uliopatikana kisiwani Timor katika miaka ya 1920. Kutenganisha mchanganyiko wa kweli na ule uliozushwa na upangaji ni zoezi linalomtosha mwanafunzi mwezi mzima, na mimea ya kulifanyia imeota pale pale Ruiru.

Maharagwe ya Thika yana fundisho lake. Haragwe lilianza kulimwa mara mbili mbalimbali, Amerika ya Kati na kwenye milima ya Andes, na jenomu rejea iliyochapishwa mwaka 2014 ni ya mmea wa Andes. Rosecoco ni wa ukoo huo, Mwitemania ni wa ukoo wa Amerika ya Kati. Ukipanga vipande vya Mwitemania juu ya rejea ya Andes, vile vyenye tofauti nyingi vitakosa mahali pa kukaa na kutupwa kimyakimya, na utaishia kuamini kwamba inafanana na Rosecoco kuliko ilivyo.

Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu kozi fupi nyingi hutumia data ya kigeni iliyokwisha kusafishwa. Somo la jenomu la Data Carpentry, linalofundishwa duniani kote, hutumia bakteria wa jaribio la Marekani lililoanza mwaka 1988. Limeandaliwa kwa ustadi, na jenomu ya herufi milioni 4.6 hukubali hata kwenye kipakatalishi cha kawaida. Linafaa kwa juma la kwanza. Kuanzia juma la pili mwanafunzi wa Juja angepaswa kuhangaika na buni na maharagwe.

Mifano ya kuendesha mafunzo Afrika ipo. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanzishwa mwaka 2012 chini ya uongozi wa Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza mwaka 2016 kozi ya miezi mitatu iliyofika kumbi 20 katika nchi 10 kwa wakati mmoja: mhadhara ulitoka kwa mtaalamu aliye mbali, lakini kila ukumbi ulikuwa na mkufunzi wake wa kukaa bega kwa bega na wanafunzi. Mtandao wa EANBiT, ulioviunganisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Pwani cha Kilifi na vyuo vingine vya Afrika Mashariki, ulikwenda mbali zaidi kwa kulea wanafunzi wa shahada ya uzamili. Naupendelea mtindo huu wa pili, ingawa ni ghali, kwa kuwa mashaka yenye faida hayajengeki kwa siku tano za warsha.

Umeme nao una somo lake. Kazi ya saa 20 ikikatika saa ya 19, mtumiaji wa amri za kubandika huanza upya. Aliyeandika hatua zake kwa programu ya Nextflow huendelea kuanzia hatua ya mwisho iliyokamilika.

Mtihani ninaouamini ni huu. Mwanafunzi apewe faili mbili, moja ya SL28 na nyingine ya Ruiru 11, majina yakiwa yamefutwa. Baada ya majuma mawili aseme ipi ni ipi, aonyeshe tofauti alizozitupa na sababu ya kuzitupa, kisha mwenzake aliye Thika aendeshe upya hatua zake zote kwenye kompyuta nyingine na kupata jibu lilelile.