Kijibunduki cha kulenga makopo: historia fupi ya .22 inayojipakia yenyewe

Wiki hii nimepata swali ambalo sikulitegemea kabisa. Mshkaji wangu niliyesoma naye, ambaye sasa anaishi San Antonio, Texas, kaniandikia hivi: "Kaka, wewe mwandishi wa habari, unapenda kuchimba mambo. Nataka kununua kijibunduki cha .22 niwe natoka na mwanangu Jumamosi tukalenge makopo. Dukani kuna Marlin Model 60 iliyotumika, kuna Ruger 10/22 mpya, na kuna moja ya Smith & Wesson inayofanana na bunduki ya kijeshi. Nichukue ipi? Ni ya kuchezea tu."

Nilicheka kwanza. Sisi wengine tuliokulia Dar, bunduki ni ya askari, ya mlinzi wa benki, au gobore la babu kule kijijini. Waliopita JKT ndio wanaoweza kujisifu kwamba wamewahi kulenga shabaha. Mtu kwenda dukani kuchagua bunduki kama anayechagua baiskeli ya mtoto, hilo kwetu ni jambo geni. Lakini nilipoanza kusoma nikakuta swali lake lina historia ya zaidi ya miaka 170. Na lile neno "kuchezea" likazidi kunisumbua. Haya, twende pamoja.

Tuanze na risasi, maana katika habari hii risasi ndiyo iliyozaa bunduki. Risasi ya .22 ina kipenyo cha milimita 5.6 hivi. Risasi nyingi kubwa zina fataki ndogo katikati ya kitako cha ganda. Hii haina. Dawa ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa kitako hicho, pande zote. Pini ya bunduki inagonga ukingo, ukingo unabonyea, dawa inawaka, na baruti inashika moto. Sasa, ili ukingo ubonyee lazima ganda liwe jembamba, na ganda jembamba haliwezi kuhimili nguvu kubwa. Ndiyo maana risasi hii ina kishindo kidogo, haipigi teke begani, na bei yake ni ndogo.

Mfaransa Louis-Nicolas Flobert ndiye aliyeianzisha familia hii mwaka 1845. Risasi yake ya mwanzo haikuwa hata na baruti. Ile dawa ya kuwashia peke yake ilitosha kukisukuma kichwa cha risasi. Ilitumika kwa burudani, watu wenye nafasi wakilenga shabaha ndani ya kumbi zao. Kwa hiyo mshkaji wangu hajabuni kitu. Tangu siku ya kwanza risasi hii ilikuwa ya starehe.

Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikatoa bastola iliyotumia risasi ya .22 Short, yenye baruti ndani. Mwaka 1887 kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts ikatoa ile iliyokuja kutawala, .22 Long Rifle. Hiyo ndiyo watu wengi wanayoizungumzia leo wanaposema "ishirini na mbili".

Bunduki zenyewe zilikuwa bado za mkono: unapiga, unalitoa ganda, unaingiza risasi nyingine. Ndoto ya bunduki inayojipakia ilikuwa na kikwazo kimoja, nacho ni uchafu. Baruti nyeusi ya zamani iliacha masizi mengi, na mtambo mwembamba ungekwama baada ya muda mfupi. Mwaka 1903 kampuni ya Winchester, kwa kazi ya mbunifu wake Thomas Crossley Johnson, ikaja na jibu la ajabu kidogo. Ilitoa bunduki inayojipakia pamoja na risasi yake ya pekee yenye baruti isiyo na moshi. Ukubwa wa risasi hiyo ulifanywa tofauti kusudi, ili mtu asije akaweka zile za baruti nyeusi akaiharibu bunduki.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi. Nguvu ileile inayosukuma kichwa cha risasi mbele inalisukuma ganda nyuma. Ganda linaisukuma bolti, bolti inalitupa ganda nje, kisha springi inairudisha bolti mbele ikiwa imesomba risasi mpya. Kila ukivuta triga inatoka risasi moja. Hiyo ndiyo tofauti yake na bunduki inayomimina risasi mfululizo.

Na tangazo lake? Desemba 1907, mjini San Antonio, ndiyo, mji huohuo anakoishi mshkaji wangu, mlenga shabaha wa Winchester aitwaye Ad Topperwein alisimama siku kumi akipiga vipande vidogo vya mbao vilivyorushwa hewani. Vilikuwa vipande 72,500. Alikosa 9.

Hata hivyo risasi ile ya pekee ikawa mzigo kwa mnunuzi. Nani anataka bunduki ambayo chakula chake hakipatikani kila duka? John Browning, yule mbunifu mashuhuri, aliliona hilo. Bunduki yake iliyoanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwaka 1914 ilitumia risasi za kawaida za .22. Winchester wenyewe walihamia .22 Long Rifle mwaka 1933, kwa Model 63.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja wakati wa bei rahisi. Mwaka 1959 Remington walitoa Nylon 66, ambayo kitako chake hakikuwa cha mti bali cha nailoni ya kampuni ya DuPont. Mwaka huohuo mtu wao Tom Frye akaivunja rekodi ya Topperwein: vipande 100,010, akakosa 6. Mwaka 1960 ikaja Marlin Model 60, yenye mrija wa risasi chini ya mtutu, na ikauzwa kwa mamilioni. Mwaka 1964 Bill Ruger akatoa 10/22 kwa dola 54.50. Magazini yake ndogo hubeba risasi kumi kwa kuzizungusha, kila moja katika nafasi yake, kwa hiyo kingo zake hazikwaruzani. Mtutu umeshikwa kwa skrubu mbili tu, hivyo mwenyewe unaweza kuubadilisha nyumbani. Kutokana na hilo likazaliwa soko kubwa la vipuri. Ile ya tatu dukani, inayofanana na bunduki ya kijeshi, Smith & Wesson walianza kuiuza mwaka 2009. Sura ni ya vita, lakini risasi ni ileile ya Jumamosi.

Sasa turudi kwenye neno "kuchezea".

Juni 1968, Robert Kennedy aliuawa jijini Los Angeles kwa bastola ya .22. Oktoba mwaka huohuo Marekani ikapitisha sheria iliyozuia biashara ya kumtumia raia bunduki kwa posta kutoka jimbo moja hadi jingine, na kudai kila bunduki iwe na namba. Kabla ya hapo bunduki nyingi za .22 zilitoka kiwandani bila namba yoyote. Mwaka 1981 Rais Reagan naye alijeruhiwa kwa risasi ya .22.

Hata mataifa hayakubaliani kuhusu kijibunduki hiki. Uingereza ilipopiga marufuku bunduki zinazojipakia mwaka 1988, baada ya mauaji ya Hungerford, iliziacha za .22. New Zealand mwaka 2019, baada ya mauaji ya Christchurch, nayo iliziacha, mradi zisibebe zaidi ya risasi 10. Lakini Australia mwaka 1996, baada ya mauaji ya Port Arthur, haikuziachia raia wa kawaida. Mtu wa kulenga makopo aliisalimisha yake, na waliobaki nazo ni wachache wenye sababu maalumu, kama wakulima.

Basi nimemjibu mshkaji hivi. Kwa makopo, zote tatu zinatosha. Kabla ya kununua boksi kubwa jaribu risasi za aina mbili tatu, maana bunduki hizi huchagua chakula, na risasi dhaifu haina nguvu ya kuirudisha bolti. Makopo yaweke mbele ya tuta la udongo, si juu ya jiwe, kwa sababu risasi ikigonga jiwe hudunda. Kumbuka pia kwamba ikipigwa hewani inaweza kufika zaidi ya kilomita moja na nusu.

Nikamwambia pia kwamba mimi ningechukua 10/22, na sababu si rekodi wala vipuri. Kwenye mrija wa Marlin risasi inaweza kubaki imejificha bila wewe kujua. Magazini ya Ruger unaichomoa, unaiona mkononi, kisha unavuta bolti na kuangalia kama ndani kumebaki kitu. Zaidi ya miaka mia moja mafundi wamehangaika namna ya kuijaza bunduki hii haraka. Mzazi mwenye mtoto wa miaka kumi na miwili anapaswa kuhangaika na namna ya kuhakikisha ni tupu.

Mwisho nikamwomba kitu kimoja: mwezi wa kwanza, mtoto awe anapewa risasi moja moja. Na mbele yake, asitamke kabisa lile neno "kuchezea".

Amejibu kwa mstari mmoja: "Nimekusoma, kaka. Jumamosi naanza na tuta."