Gereza, Ngome na Husuni: Historia ya Pwani katika Majina ya Majengo

Msafiri afikaye Kilwa Kisiwani hukabiliwa na jengo kubwa la mawe, lenye minara pembeni, karibu kabisa na maji. Wenyeji huliita Gereza. Asiyejua historia ya neno hilo hudhani kwamba anatazama nyumba ya wafungwa, na hapo ndipo safari yake ya kuifahamu pwani inapoanza kupotoka.

Neno gereza linatokana na igreja, yaani kanisa, katika Kireno. Matamshi yake yalifuata kanuni za Kiswahili: irabu ya mwanzo ikadondoshwa, mfuatano wa konsonanti ukatenganishwa kwa irabu, na sauti ngeni ya Kireno ikawa z. Maana nayo ilisafiri. Wareno walizoea kujenga makanisa yao ndani ya ngome, hivyo jina la sehemu likawa jina la jengo zima. Ngome nazo zilipotumiwa kuwafungia watu, jina likabaki kwa kifungo.

Historia ya Mombasa inaonyesha mwendo huo wazi. Ngome ya Yesu, iliyosanifiwa na Giovanni Battista Cairati na kuanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa na kanisa ndani ya kuta zake. Ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696. Waingereza waliigeuza kuwa gereza mwaka 1895, na ikabaki hivyo hadi 1958. Kanisa, ngome na kifungo vilikutana mahali pamoja.

Hata hivyo, jina peke yake si ushahidi wa kutosha. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka 1512. Lakini sehemu kubwa ya Gereza lionekanalo leo ni kazi ya Waomani. Neno ni la Kireno, kuta ni za wengine. Hali kadhalika, Husuni Kubwa, ambayo jina lake lina asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome, ilikuwa kasri. Ua zake na kidimbwi chake chenye pembe nane ni dalili za starehe na biashara zaidi kuliko vita. Inahusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipoizuru Kilwa mwaka 1331.

Ama kwa hakika, majina haya ni kumbukumbu kama yalivyo mawe. Kibao kinachofasiri Gereza kuwa jela tu kinafuta karne kadhaa za maana. Na mwanaakiolojia anayeliacha jina la wenyeji anapoteza ushahidi ambao sepeto haiwezi kuufukua. Kuta za Kilwa zinakarabatiwa. Majina ya vyumba, visima na njia yanayojulikana na wazee hayana mkarabati mwingine isipokuwa yule atakayekaa nao na kuyaandika wangali hai.