Zidaka, Siwa na Daftari: Utunzaji wa Nyumba ya Makumbusho Lamu

Nyumba ya Kiswahili ya karne ya 18 iliyofanywa makumbusho mjini Lamu humpa mgeni vitu vya kutazama: viti, vitanda, vyombo vya kaure, na ule ukuta wa ndani wenye zidaka safu juu ya safu. Kazi iviwekayo vitu hivyo katika hali ya kutazamika hufanywa kabla ya mlango kufunguliwa, nayo haijaandikwa sana.

Adui wa kwanza ni chumvi. Kuta zimejengwa kwa matumbawe na chokaa. Unyevu hupanda kutoka ardhini, na ukikauka juu ya ukuta huacha chumvi inayoibambua lipu. Anayeziba pengo kwa saruji huuzuia ukuta usipumue, na unyevu uliofungiwa huiangusha lipu ya kale iliyo jirani. Kwa hiyo chokaa hutibiwa kwa chokaa. Juu ya dari kuna boriti za mikoko, ambazo urefu wao ndio uliovifanya vyumba vya Lamu kuwa virefu na vyembamba; hizo nazo hukaguliwa zisiliwe na mchwa. Kiti cha enzi kina taabu yake: mbao hufura wakati wa masika na kunywea wakati wa kaskazi, lakini njumu za pembe hazifuati mwendo huo, hata zikalegea. Hupanguswa kwa burashi laini, kikavu.

Siwa mbili, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, zimo katika Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya James de Vere Allen, ambaye alichapisha uchunguzi wake juu ya siwa hizo mwaka 1976. Siwa hupulizwa kwa tundu la ubavuni, na zamani ilisikika katika arusi na sherehe za waungwana. Mtunzaji wa pembe kuukuu ana haki ya kuogopa unyevu wa pumzi. Hata hivyo, siwa isiyolia huacha kuwa na mpulizaji, na asipokuwapo mpulizaji, maneno ya ufundi wake hayana wa kuyasema.

Hapo ndipo daftari la vitu linapowahusu wanaisimu. Kila kitu hupewa nambari, jina na maelezo, na karani mwenye haraka anaweza kuharibu kwa kalamu kuliko mchwa kwa meno. Akiandika “rafu za ukutani”, zidaka zimepotea. Akisahihisha kuwa “vidaka”, ameifuta alama ya ngeli ya Kiamu kwa kudhani anaondoa kosa. Msana wa tini na msana wa yuu vikiitwa “sebule ya kwanza” na “ya pili”, hupotea pia habari ya ujenzi: sakafu ya nyumba hizi hupanda kidogo kidogo kutoka kiwandani kwenda ndani, na majina hayo yanaueleza mpando huo waziwazi, kwa matamshi ya wenyewe.

Lipu iliyoanguka hupigwa upya na fundi aliyefunzwa. Jina lililobadilishwa daftarini halionyeshi ufa. Atakayekuja baadaye atalinakili kama lilivyo, na kibandiko cha ukumbini kitachapishwa kutokana nalo. Basi lifaalo ni daftari kuwa na safu mbili, moja ya Kiswahili sanifu na moja ya Kiamu, na safu hii ya pili ijazwe mbele ya mwashi, seremala na mama wa nyumba, kitu chenyewe kikiwa mkononi.