Vesta: asteroidi au kimondo?

Asubuhi ya tarehe 16 Julai 2011, mawe yalianguka kutoka angani maeneo ya Thika. Siku iyo hiyo, chombo cha Marekani kiitwacho Dawn kilianza kulizunguka jiwe kubwa liitwalo Vesta, mamilioni ya kilomita kutoka hapa. Wiki iliyofuata nilisimama darasani nikayaita yote mawili "kimondo". Mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kimondo si hadi kianguke?" Nikababaisha jibu. Deni hilo nimekaa nalo miaka mingi; leo nalilipa.

Kisa kinaanzia Palermo, Sicily, usiku wa kwanza wa mwaka 1801. Padri Giuseppe Piazzi aliona nukta ya mwanga iliyokuwa ikihama, akaiita Ceres. Mwaka uliofuata Heinrich Olbers, daktari wa mjini Bremen, akaona nyingine, Pallas. Watu wakaziita sayari. William Herschel hakuridhika. Hata kwa darubini yake kubwa zilionekana vijinukta tu, mithili ya nyota, basi akatoa neno lenye asili ya Kigiriki linalomaanisha "mfano wa nyota". Ndilo asteroidi. Wapo waliomshuku: ati mzee huyu, aliyegundua Uranus mwaka 1781, hataki wenzake nao wahesabiwe wagunduzi wa sayari! Piazzi alipendelea neno lenye maana ya "kisayari". Ningeulizwa mimi, ningemuunga mkono Piazzi, maana vitu hivi si nyota hata kidogo. Lakini neno likishakaa mdomoni, kulitoa ni kazi.

Olbers naye alidhani Ceres na Pallas ni vipande vya sayari moja iliyopasuka kati ya Mirihi na Mshtarii. Kama ni hivyo, aliwaza, vipande vingine navyo vitapitia pale pale. Akavizia, na tarehe 29 Machi 1807 akaipata Vesta. Alimwachia mwanahisabati Carl Friedrich Gauss heshima ya kuipa jina. Gauss akachagua mungu wa kike wa Warumi, mlinzi wa meko.

Dhana ilimpa Olbers alichokitafuta, ila haikuwa kweli. Ukikusanya mawe yote ya ukanda ule, hayafikii hata uzito wa mwezi wetu. Wataalamu wa leo husema uvutano wa Mshtarii uliyavuruga yasiungane kuwa sayari. Olbers aliona vigae vya chungu, kumbe ni udongo uliokosa kufinyangwa.

Vesta yenyewe iliyeyuka ndani zamani sana, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, chuma kikazama katikati, lava ikagandia juu. Baadaye ikagongwa upande wa kusini, likabaki shimo la upana wa kilomita 500 hivi, ilhali kipenyo cha Vesta nzima ni kama kilomita 525. Vipande viliruka, na vingine vimetufikia: kati ya kila mawe 100 yanayoonekana yakianguka duniani, kama 6 ni ya ukoo wa Vesta. Lile la Thika si la ukoo huo. Lilitoka kwenye asteroidi nyingine, ambayo haikuyeyuka.

Hapo ndipo swali la mwanafunzi linapouma. Mpunga ukikobolewa ni mchele, mchele ukipikwa ni wali, na hotelini hakuna anayeagiza sahani ya mpunga. Jiwe la Vesta nalo, likiwa kule ukandani ni asteroidi au kipande chake. Likiwaka hewani ni kimondo. Je, likishatua shambani? Huko Mbozi, Tanzania, lipo jiwe la chuma la tani nyingi, na wenyewe huliita kimondo mpaka leo, ingawa liliacha kuwaka zama za kale. Kiingereza kina neno la hatua hiyo ya tatu. Sisi bado tunaula wali kwa jina la mchele.

Mwanafunzi yule siku hizi ni mwalimu. Nilimpigia simu juzi, naye akapendekeza tuseme "jiwe la kimondo". Nimemwambia anipe muda nilifikirie.